Njiwa wa Lamu: kuwazalisha na kuijua rangi ya kinda kabla yai halijapasuka

Binti wa njiwa huchukua rangi yake ya msingi kwa baba peke yake. Mama hachangii chochote hapo. Mwana wa kiume huchukua kwa wote wawili. Kwa hiyo anayefuga njiwa kwa ajili ya rangi, pesa yake nzuri aiweke kwa dume, na kabla hajamlipia aulize baba na mama wa dume huyo walikuwa wa rangi gani. Wengi wetu hufanya kinyume. Jike huchaguliwa kwa urembo, dume huchukuliwa yeyote anayenguruma vizuri, halafu makinda wakitoka sivyo, lawama humwendea jike.

Maelezo haya ni ya njiwa wa kufugwa, Columba livia. Hua, pugi na tetere wa porini waache walipo. Hao ni wanyamapori na wana sheria yao.

Kwanza, banda

Jozi nne au tano zinatosha kuanzia. Juu darini ndiko kuzuri, maana vichochoro vyetu havina jua wala nafasi, lakini tazama kwanza maji ya mvua ya dari hiyo yanateremkia wapi. Kama nyumba inakinga maji kwa birika au tangi, banda lisikae upande unaopeleka maji huko. Kinyesi cha njiwa kina vijidudu vya kumdhuru binadamu, na mvua ya kwanza ya masika hukisomba chote. Dari ikiwa yote ni ya kukinga, shuka na banda lako uani. Na siku ya kulifagia, funika pua na mdomo. Vumbi la kinyesi kikavu si la kuvutwa.

Upepo wa kuogopwa ni kusi. Hushika tangu Aprili hivi mpaka Septemba, na mwanzo wake huja na mvua kubwa. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba mpaka Machi, nayo ni kavu zaidi. Mdomo wa banda basi uelekee magharibi, kisha uuwekee upenu wa makuti kwa ajili ya jua la alasiri.

Paka wa Lamu hawahitaji maelezo. Banda liinuliwe juu, liwe mbali na ukuta wa kurukia, na kila mguu uzungushiwe bati laini lisiloshika kucha. Wavu wa kuku wa matundu makubwa humzuia paka na kunguru, lakini panya hupita. Tafuta wa matundu ya sentimita moja hivi. Mayai yakipotea usiku bila ganda kubaki, mshuku panya kabla hujamshuku mtoto wa jirani.

Kila jozi ipe matundu mawili, kila moja kama sentimita 30 kwa 30, kwa sababu jike hutaga mayai mengine wakati makinda wa kwanza wangali kiotani. Watupie chelewa za makuti zilizokatwa vipande vifupi, wao wenyewe watajenga. Mabaki ya nyavu na mishipi ya nailoni yasifike bandani kabisa. Uzi mmoja ukijifunga kwenye mguu wa kinda, mguu hufa.

Pili, msome ndege mkononi

Hapa ndipo pa kukaa. Ukimshika njiwa jiulize mambo matatu, moja baada ya jingine: rangi yake ya msingi ni ipi, mchoro wa bawa lake ni upi, na kuna kitu kilichofunika hayo mawili?

Rangi za msingi ni tatu tu. Njiwa wa kijivu ana mistari miwili myeusi bawani na utepe mweusi mwishoni mwa mkia. Mwekundu wa majivu ana mistari ya rangi ya kutu, shingo ya kutu, na mkia uliopauka usio na utepe. Wa tatu ni wa kahawia, anafanana na wa kijivu ila kila palipo peusi pamekuwa kahawia. Kwa nguvu, nyekundu ya majivu huishinda kijivu, na kijivu huishinda kahawia.

Jeni ya rangi hizi, yaani kipande cha urithi kinachozileta, imekaa kwenye kromosomu ya jinsia, ule uzi wa urithi unaoamua kinda awe dume au jike. Kwa binadamu mwanamume ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana. Kwa ndege ni jike. Dume wa njiwa ana Z mbili, jike ana Z moja na W moja. Jike humpa bintiye W, ambayo haina jeni hii, na Z ya binti hutoka kwa baba. Ndiyo sababu ya yale niliyoanza nayo. Na kuna faida nyingine: kwa rangi ya msingi jike hana pa kuficha. Akiwa wa kijivu, ni wa kijivu nje na ndani. Dume ndiye mwenye siri, kwa sababu anaweza kuwa mwekundu wa majivu kwa nakala moja na kubeba kijivu au kahawia kwa nakala ya pili.

Siri hiyo hata hivyo huvuja. Dume mwekundu anayebeba kijivu mara nyingi huwa na chembe nyeusi zilizotapakaa kwenye manyoya ya bawa na mkia, na huzidi akikua. Akibeba kahawia, chembe huwa za kahawia. Mnunuzi asiyejua humkataa dume wa namna hiyo akidhani ana doa. Mchukue wewe.

Mchoro wa bawa ni habari nyingine, hauhusiani na jinsia. Wenye nguvu zaidi ni ule wa bawa lililojaa rangi karibu lote, kisha marakaraka, kisha mistari miwili, na wa mwisho ni bawa tupu lisilo na mstari. Wawili wenye mistari hawazai mwenye marakaraka, lakini wawili wenye marakaraka wanaweza kuzaa mwenye mistari. Watafiti walionyesha mwaka 2018 kwamba jeni ya marakaraka haikuanza kwa njiwa wa kufugwa. Iliingia zamani kwa kuzaana na Columba guinea, njiwa wa Afrika mwenye madoa meupe bawani na ngozi nyekundu kuzunguka jicho, ambaye yuko Kenya pia. Wale wa bawa tupu ni wazuri kwa macho ya watu, ila mchoro huo umehusishwa na kuona vibaya, basi usiwafanye msingi wa kundi linaloruka kati ya mwewe na minara.

Sasa vifuniko. Njiwa mweusi tititi ni wa kijivu aliyepata jeni ya kuutandaza weusi mwili mzima. Nakala moja inatosha, kwa hiyo mzazi mmoja lazima awe nayo. Chini ya weusi ule kuna mistari au marakaraka usiyoyaona. Jeni hiyohiyo ikimwangukia mwekundu wa majivu, hatoki mweusi bali wa rangi ya majivu mwili mzima.

Mwekundu mzima, yule wa rangi ya tofali kuanzia kichwa mpaka mkia, si ndugu wa mwekundu wa majivu ingawa majina yamekaribiana. Wake ni wekundu fiche: lazima apate nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Akiisha kuzipata, hufunika rangi ya msingi, mchoro, hata weusi. Ndiyo maana weusi wawili huweza kuangua kinda mwekundu, na hapo maneno huanza mtaani. “Ami, jike wangu ametoka nje!” Hakutoka. Wazazi wote wawili walikuwa wamebeba.

Weupe ni chokaa juu ya ukuta. Mawe yako palepale ndani. Njiwa mweupe mwenye macho meusi anaweza kuwa chini yake mwekundu, wa kijivu, mwenye marakaraka, chochote. Ukimwoza usishangae na watakaotoka. Charles Darwin, aliyefuga njiwa kwake Uingereza katika miaka ya 1850, alichanganya weupe na weusi mpaka akapata mjukuu wa kijivu mwenye mistari bawani.

Yako mawili madogo ya kuongezea. Kishungi cha kisogoni ni fiche pia, kinataka nakala mbili, kwa hiyo wazazi wasio na kishungi huweza kuzaa mwenye nacho. Na iko jeni ya kupausha: mweusi huwa wa rangi ya vumbi, mwekundu mzima huwa wa manjano, wa kijivu huwa wa fedha. Hii nayo ni fiche, na inakaa kwenye Z. Kinda wake hutambulika siku anapoanguliwa, maana hutoka karibu uchi, bila yale malaika marefu ya manjano ambayo makinda wengine huzaliwa nayo.

Tatu, panga ndoa

Ndoa ninayompendekezea kila anayeanza ni dume wa kijivu kwa jike mwekundu wa majivu. Kila mwana wa kiume atakuwa mwekundu kwa Z ya mama, na kila binti atakuwa wa kijivu kwa Z ya baba. Siku ya kumi hivi, manyoya yanapoanza kuchomoza, umeshajua dume ni nani na jike ni nani, jambo ambalo kwa njiwa wengine hungoja miezi. Ndoa hii pia hulinda ukweli wa banda lako. Akitokea kinda wa kijivu ambaye baadaye ananguruma kama dume, au jike mwekundu, kuna yai la watu wengine hapo au kuna dume wa pembeni.

Hila hiyo hufanya kazi kizazi kimoja tu. Ukimchukua mwana mwekundu aliyezaliwa hapo ukamwoza jike wa kijivu, utapata wekundu na wa kijivu, madume na majike, nusu kwa nusu kila upande. Ukimwoza jike mwekundu, wana wote wa kiume watakuwa wekundu, na mabinti watagawanyika nusu wekundu nusu wa kijivu.

Dume mwekundu asiyebeba kitu kwa jike wa kijivu: wote wekundu, na madume kati yao wamebeba kijivu. Wa kijivu kwa wa kijivu: hapatoki mwekundu wa majivu hata mmoja, milele. Anayekuambia kwake walitoka, muulize banda lake lina mlango.

Kupausha kunafuata njia hiyohiyo. Dume aliyepauka kwa jike wa rangi kamili huzaa mabinti waliopauka na wana wa kiume wa rangi kamili wenye siri. Ukigeuza, jike aliyepauka kwa dume kamili asiye na siri, hapatoki aliyepauka, ila madume wote wamebeba.

Unapooza, hakikisha una dume na jike kweli. Dume hunguruma akizunguka, kifua kimejaa, mkia ukiburura chini. Jike hutulia, huitikia kwa kichwa. Lakini majike wawili waliofungiwa pamoja huoana vilevile, hujenga, hutaga. Ukikuta mayai manne katika kiota kimoja, una majike wawili. Wafungie wale uliowachagua katika tundu lao siku saba mpaka kumi, wawe wanaonana kwa wavu siku mbili za mwanzo kama wanapigana. Mume wa zamani asionekane wala asisikike, maana njiwa hawasahau upesi. Mayai ya kwanza ya jike aliyetoka kwa dume mwingine usiyahesabu katika rangi. Mbegu ya dume hukaa ndani ya jike kwa siku kadhaa.

Na ikiwa unataka uhakika wa nani kamzaa nani, jozi hizo zisitoke mpaka ziangue. Madume wa paa la msikiti hawana adabu.

Nne, kutoka yai mpaka kinda

Sehemu hii njiwa wanaijua kuliko sisi. Siku nane mpaka kumi na mbili baada ya kupandana jike hutaga yai la kwanza, kwa kawaida alasiri, na la pili saa 44 hivi baadaye. Kuatamia kwenyewe huanza na yai la pili. Dume hulalia kuanzia saa nne hivi asubuhi mpaka alasiri, jike muda uliobaki pamoja na usiku. Siku ya sita mulika yai kwa tochi ya simu: mishipa myekundu ni uhai, yai la mwanga mtupu ni la kutupa. Siku ya 17 au 18 huanguliwa.

Siku za mwanzo wazazi wote wawili huwalisha maziwa ya gole, yale wanayoyatengeneza wenyewe kooni. Usiwaingilie, usiwape uji. Kazi yako ni kuwalisha wazazi: mtama, mahindi yaliyopaazwa, na choroko au kunde kama robo ya chakula chote. Weka na kombe za chaza zilizopondwa pamoja na mchanga mgumu ulioloshwa chumvi ikatoka. Bila hivyo ganda la yai huwa laini. Maji yawe ya kina cha kutosha kuzamisha mdomo, kwa sababu njiwa hunywa kwa kufyonza bila kuinua kichwa, si kwa kudonoa kama kuku. Wenye makinda hunywa maradufu.

Macho ya kinda hufunguka siku ya nne au ya tano. Kufikia wiki ya tano anajilisha. Mtoe, kwa kuwa baba akitaka kiota huanza kumpiga kichwani.

Magonjwa kwa ufupi. Ukifungua mdomo wa kinda ukakuta uvimbe wa manjano kama jibini, mpeleke kwa afisa wa mifugo, hiyo ni trikomonasi na ina dawa. Shingo inayojipinda nyuma ni ya virusi vilivyo jamaa wa kideri cha kuku. Mtenge siku hiyohiyo. Ndui ya ndege huletwa na mbu, na mwezi wa Mei hapa hatuna uhaba wa mbu, basi funika banda kwa chandarua kikuukuu jioni.

Tano, pete, daftari na mtihani

Siku ya saba au ya nane mvishe kinda pete, kabla mguu haujapita. Usipozipata za namba, pete za plastiki za rangi zinazofunguka zinafaa, ila mvishe akishapevuka mguu, na mpaka hapo asihamishwe tundu. Kwenye daftari andika pete, tarehe ya kuanguliwa, tundu, baba, mama, rangi ya msingi, mchoro, kifuniko, na kama alizaliwa uchi au na malaika. Hilo la mwisho watu hulisahau, na baada ya wiki mbili halionekani tena.

Daftari ndilo litakalokufunulia waliobeba siri. Tuseme una dume mweusi unayemshuku kabeba wekundu fiche. Ukimwoza jike mweusi aliyebeba pia, robo ya makinda watatoka wekundu. Robo hiyo ni wastani tu, na njiwa hutaga mawili-mawili: unaweza kuangua mara nne, makinda wanane, usione mwekundu hata mmoja. Katika jozi kumi za namna hiyo, moja hivi itakufanyia hivyo bila kosa la mtu.

Njia fupi ni kumwoza jike mwekundu mzima. Hapo kama dume kabeba, nusu ya makinda watakuwa wekundu. Makinda watano mfululizo wasio wekundu, uwezekano wa kwamba kabeba umeshuka sana: ni kama kurusha shilingi mara tano ikaangukia zote upande ulioutaja kabla, mara moja katika 32. Wakifika saba, funga ukurasa. Makinda hao wote lakini wamebeba kwa mama yao, waandike hivyo. Mtihani wa kishungi ni huohuo, kwa jike mwenye kishungi.

Watu hutaka kuikaza rangi upesi kwa kuoza ndugu kwa ndugu. Mara moja huenda ikapita. Ukiendelea, mayai huanza kufia ndani, makinda hudhoofu, na Amu, yaani Lamu yetu, ni kisiwa. Damu za njiwa zinazozunguka hapa zinajuana tayari. Kila mwaka leta dume mmoja kutoka nje, Malindi au Mombasa, mtenge wiki tatu au nne umwangalie kinyesi na pumzi, kisha umpe jike wako bora. Dume, narudia, kwa kuwa yeye ndiye atakayeleta Z mbili kwa nauli moja.

Ukifika wakati wa kuuza, jike mwandikie mnunuzi rangi ya baba. Dume mwandikie ya baba na ya mama, ongeza kama ana chembe nyeusi na kama aliwahi kuzaa mwekundu mzima au mwenye kishungi. Dume mwenye karatasi hiyo muuzie bei ya juu kuliko nduguye asiye nayo, hata kama kwa macho wanafanana.